Bronowski: Mtaalamu wa hisabati aliyeingia na viatu katika dimbwi la Auschwitz

MWAKA 1973 watazamaji wa televisheni nchini Uingereza walimwona mzee mmoja, amevaa suti na miwani, akitembea taratibu hadi kwenye dimbwi lililopo Auschwitz, Poland. Hakusimama ukingoni. Aliingia majini na viatu vyake, akainama, akauchota udongo kwa mkono. Ndani ya dimbwi hilo Wanazi walikuwa wakitupa majivu ya watu waliowaua kambini, na jamaa zake wengi walifia hapo.

Mzee huyo alikuwa Jacob Bronowski, mtaalamu wa hisabati, mwandishi na mtangazaji wa mfululizo wa vipindi 13 vya BBC, The Ascent of Man, ulioeleza safari ya binadamu katika kuitafuta elimu.

Alizaliwa Januari 18, 1908 mjini Lodz, Poland, katika familia ya Kiyahudi, wakati nchi hiyo ikiwa chini ya Dola ya Urusi. Vita Kuu ya Kwanza iliwapeleka Ujerumani, na mwaka 1920 wakahamia Uingereza. Kijana aliyefika huko akiwa karibu hajui Kiingereza kabisa alikuja kung'ara katika hisabati Chuo Kikuu cha Cambridge, huku akihariri jarida la fasihi. Ushairi haukumtoka moyoni. Aliandika kitabu kizima kuhusu mshairi William Blake.

Kisha vikaja Vita Kuu ya Pili. Bronowski aliacha ualimu wa chuo mjini Hull, akapewa kazi ya siri: kukokotoa namna ya kuyafanya mabomu ya Uingereza yalete maangamizi makubwa zaidi. Jambo la kushangaza ni kwamba wakati akiifanya kazi hiyo, idara ya usalama ya nchi hiyo hiyo ilikuwa ikimfuatilia kwa kumshuku kuwa na mwelekeo wa kikomunisti. Watazamaji wengi wa mwaka 1973 hawakuyajua hayo. Binti yake, mwanahistoria Lisa Jardine, ndiye aliyekuja kuyaeleza kwa kina, miongo kadhaa baadaye.

Mwishoni mwa mwaka 1945 alitumwa Japan kuchunguza athari za bomu la atomiki. Aliyoyaona Nagasaki yalimgeuza. Aliachana na utafiti wa kijeshi, na mwaka 1956 akachapisha kitabu, Science and Human Values, kinachoanzia katika magofu ya mji huo.

Kwa miaka mingi aliongoza utafiti katika shirika la makaa ya mawe la Uingereza, akitafuta nishati isiyotoa moshi. Katika kipindi hicho pia aliyapima kihisabati meno ya fuvu la mtoto wa Taung, lililopatikana Afrika Kusini mwaka 1924, na tangu hapo asili ya binadamu ikamshika. Mwaka 1964 alihamia Taasisi ya Salk, California.

Ndiyo maana kipindi cha kwanza cha mfululizo wake kinaanzia Bonde la Omo, Ethiopia, ambako mto hushuka kuingia Ziwa Turkana.

Bronowski alifariki dunia kwa maradhi ya moyo Agosti 22, 1974 katika jimbo la New York, akiwa na umri wa miaka 66. Alizikwa katika makaburi ya Highgate, London. Mtayarishaji wake, Adrian Malone, alikwenda Marekani kutengeneza Cosmos, iliyooneshwa mwaka 1980 na kumpa umaarufu Carl Sagan.