Mtumwa Aliyeitwa Siti

Katika sehemu zetu za Kanja, hapa Embu kwenye miteremko ya Mlima Kenya, mwanamke akishajifungua mtoto wa kwanza huagana na jina lake. Sokoni, kanisani na kwenye kituo cha kupimia majani chai, yeye ni Mama Njeru au Mama Wawira. Nimewaona majirani wa miaka mingi wakilisoma jina la marehemu kwa mara ya kwanza kwenye kijitabu cha ibada ya mazishi. Si kwamba walimdharau. Walimheshimu mno hata wakaona haya kumtaja.

Muthoni, jina walilo nalo wasichana chungu nzima katika madarasa yangu, maana yake ni mkwe, na asili yake ni thoni, yaani haya na staha. Nasi walimu hatuna budi kujitazama. Mwalimu wa kike huitwa ‘Madamu’ tangu asubuhi hadi jioni, na wako wanafunzi wanaomaliza masomo yao bila kulijua jina la aliyewafundisha.

Ndiyo maana napenda kuwasimulia vijana habari za Siti binti Saad wa Unguja. Kwake yeye cheo hakikulifunika jina. Kiliondoa jina lililomdhili, kikakaa mahali pake.

Alizaliwa Fumba, kusini-magharibi ya kisiwa cha Unguja, yapata mwaka 1880. Baba yake alikuwa wa asili ya Unyamwezi na mama yake wa asili ya Uzigua. Mtoto akaitwa Mtumwa. Wakati huo biashara ya watumwa ilikwisha kupigwa marufuku, mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe haukuondolewa nguvu za kisheria mpaka mwaka 1897. Basi binti huyu alikwisha kuwa msichana mkubwa wakati jina lake lilipoacha kuwa hali halali ya mtu katika nchi yake.

Nyumbani kwao walifinyanga vyungu, naye akawa mchuuzi wa vyungu hivyo. Alivitembeza kichwani akiwanadia wanunuzi, na husemwa kwamba sauti yake ilifika mbali kabla ya yeye mwenyewe kuonekana. Hakusoma wala kuandika. Mwaka 1911 aliihama shamba akaenda kukaa mjini, na huko akapata watu wa kumfunza kuimba na kupatana na ala. Baadaye aliimba pamoja na mafundi kama Subeti bin Ambar, Budda bin Mwendo na Mbaruk, kundi ambalo watu wa mjini walikesha wakilisikiliza.

Mjini ndiko Mtumwa alikogeuka kuwa Siti. Neno hili limetoka katika Kiarabu, na maana yake ni bibi mwenye hadhi, mwanamke wa nyumba kubwa. Pwani ina maneno kadhaa ya namna hiyo: Bibi, Nana, na lile la zamani, Mwana, tunalolikuta katika jina la Mwana Kupona, aliyetunga utendi wake mwaka 1858. Baadhi yamegandamana na majina hata hatuyatambui tena: Mwanaisha si mwingine ila Mwana Aisha. Kwa hiyo mwanafunzi anayeandika ‘Bi. Siti’ amesema bibi mara mbili. Simkati alama kwa hilo, lakini humwita mezani tukazungumza.

Nadhani nusu ya pili ya jina ina uzito uleule. Katika jamii iliyopima watu kwa nasaba, kuitwa binti Saad kulimaanisha kwamba yule mfinyanzi maskini wa Fumba naye ni baba wa kutajwa. Wenye kijicho walilihisi hilo. Waliimba nyimbo za kumsuta, wakiuliza tangu lini mchuuzi wa vyungu akawa mtu wa kuheshimiwa. Naye aliwajibu kwa wimbo, akiweka akili juu ya sura na nasaba. Hili la sura lilimgusa, maana walimcheka pia kwamba si mzuri wa uso.

Taarab ya kasri la Sultani iliimbwa kwa Kiarabu. Siti aliweza kuiimba hivyo, lakini akaiimba pia kwa Kiswahili, na humo akatia mambo ya mitaani na ya mahakamani. Wimbo wake juu ya mtu aitwaye Kijiti unasimulia habari ya mwanamke mgeni aliyeuawa, ambapo muuaji aliponyoka na waliokuja kutoa ushahidi ndio wakapata adhabu. Maskini wa Ng’ambo waliijua hadithi kama hizo kwa uzoefu wao. Mwaka 1928 yeye na wenzake walivuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri za His Master’s Voice, na sauti ya mwanamke wa shamba ikawa inalia katika majumba ya kahawa ya Afrika Mashariki.

Alifariki tarehe 8 Julai 1950. Shaaban Robert, ambaye naye alifariki mwaka 1962, aliona maisha hayo yanastahili kitabu, akaandika wasifu wake. Ningependa kila shule ya wilaya zetu iwe na nakala, na isiwekwe kabatini kwa kufuli. Mwaka 1988 waandishi wa habari wanawake wa Tanzania walianzisha jarida wakaliita Sauti ya Siti. Leo ‘Siti’ ni jina la kawaida pwani. Mama humpa mtoto wake mchanga siku ya kwanza, kabla hajauza chungu wala kuimba ubeti mmoja.