Turing na Mashine ya Kazi Nyingi

Anunuaye jembe hatarajii limchanjie kuni. Kila chombo na kazi yake, ndivyo tulivyozoea. Alan Turing, mwanahisabati Mwingereza aliyezaliwa London mwaka 1912, hakuridhika na mazoea hayo.

Mwaka 1936, akiwa mtafiti kijana Chuo Kikuu cha Cambridge, alithibitisha kwamba mashine moja, ikipewa maagizo yafaayo, yaweza kutenda kazi ya mashine nyingine yoyote ya kukokotoa. Vita vilipozuka mwaka 1939, alijiunga na wataalamu wa Bletchley Park waliofumbua maandishi ya siri ya Wajerumani.

Mwaka 1948 aliiandikia Maabara ya Taifa ya Fizikia ripoti ya ajabu zaidi. Humo alisawiri mtandao wa vipande sahili vilivyounganishwa bila mpango maalumu. Kila kiungo kilikuwa na namna ya kupitisha ishara au kuizuia. Kwa mafunzo, mithili ya yale apewayo mtoto, mtandao huo ungejipanga kwa kazi inayotakiwa, na ungeweza kupangwa tena kwa kazi nyingine. Si maagizo tu yaliyobadilika, bali miunganisho yenyewe.

Mkuu wake aliibeza ripoti hiyo, akaifananisha na insha ya mtoto wa shule. Ikachapishwa mwaka 1968. Mwandishi hakuwahi kuiona: mwaka 1952 alihukumiwa kwa uhusiano na mwanamume mwenzake, akatibiwa kwa homoni ili kuepuka kifungo, na akafariki tarehe 7 Juni 1954, akiwa na miaka 41. Msamaha wa kifalme ulitolewa mwaka 2013.

Tangu mwaka 1985 zinauzwa chipu ambazo saketi zake hupangwa na mnunuzi baada ya kutoka kiwandani. Katika baadhi yazo, sehemu moja hupangwa upya ilhali nyingine inaendelea na shughuli yake, hata chipu moja ikabeba kazi kadhaa kwa wakati mmoja. Sidai kwamba zilichipuka kutokana na ripoti ile. Zilikuwa na njia yake. Hata hivyo, wazo kwamba umbo la mashine si hatima yake lilikwisha kuandikwa, likawekwa kando.

Walimu wenzangu, insha ngeni ikitua mezani, tuisome mara ya pili kabla ya kushika kalamu nyekundu.