Leonardo da Vinci, mchoraji wa Mona Lisa

Msikilizaji wetu wa Nyakato, huenda umewahi kutumiwa kwenye simu katuni ya Mona Lisa amevaa barakoa. Je, aliyechora picha ya asili alikuwa nani?

Leonardo alizaliwa Italia mwaka 1452, nje ya ndoa. Alijifunza kuchora mjini Florence, katika karakana ya Verrocchio. Alitumia mkono wa kushoto, na alipasua maiti ili aujue mwili wa binadamu. Mona Lisa alianza kumchora yapata 1503, juu ya ubao wenye kimo cha sentimita 77 tu. Alifariki Ufaransa mwaka 1519.

Miaka 400 baadaye, mwaka 1919, msanii Marcel Duchamp alichukua kadi ya posta yenye picha hiyo, akamwongezea Mona Lisa masharubu na ndevu.

Je, huko ni kumvunjia heshima marehemu? Hatudhani. Leonardo mwenyewe alichora sura za kuchekesha, zenye pua ndefu na taya zilizochomoza. Kinachomdhulumu ni kusahauliwa. Ukiirusha katuni hiyo kwenye kundi lenu, mtaje na mwenye kazi.