Bwana Nyoka wa Liwale

Katika miaka niliyofundisha Biolojia hapa Maili Moja, kila muhula hunijia mwanafunzi na swali lile lile: nyoka akiwekwa katika sanduku, apewe chakula cha ukubwa gani? Wazazi wakisikia hushtuka, nao wana haki kushtuka, kwa kuwa mikorosho na miembe yetu ina nyoka wasio wa mchezo. Lakini swali ni zuri. Nimeona nilijibu kwa kueleza maisha ya mtu aliyekaa na nyoka wa nchi hii kuliko watu wengi, aliyejulikana kwa jina la Bwana Nyoka.

Jina lake halisi ni Constantine John Philip Ionides. Alizaliwa Uingereza mwaka 1901, katika ukoo wenye asili ya Kigiriki. Alisoma shule ya Rugby, kisha chuo cha kijeshi cha Sandhurst, akawa afisa. Alitumikia India, halafu akaja Tanganyika katika King's African Rifles, jeshi ambalo wazee wetu waliliita Keya. Alipoacha jeshi akawa mwindaji wa tembo, na pembe nyingine alizipata bila ruhusa ya serikali. Kwa maneno mengine, alikuwa jangili. Hata hivyo mwaka 1933 Idara ya Wanyama ilimwajiri, na yule aliyekuwa akiwakimbia askari akawa mwenye kuwaongoza.

Basi akawa Bwana Nyama, makao yake Liwale. Kazi yake ilikuwa kufukuza tembo waliokula mashamba, kuua simba waliokula watu, na kulinda wanyama waliobaki. Yeye ni mmoja wa waliofanya bidii kubwa hata Pori la Akiba la Selous likapanuliwa katika miaka ya 1940. Yafaa tukumbuke pia kwamba pori hilo halikuwa tupu: watu walihamishwa, na serikali ilitaja ugonjwa wa malale kuwa sababu mojawapo. Mwaka 1982 Selous iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia, na mwaka 2019 sehemu yake kubwa ikafanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Huko huko Liwale ndiko alikoanza kukamata nyoka. Hakuwaua, bali aliwakamata wazima. Wanakijiji waliomwona nyoka walimpelekea habari, naye akatoka na koleo zake, fimbo ndefu na sanduku. Alipostaafu alihamia Newala, katika nchi ya Wamakonde, kwa sababu koboko wa kijani na kifutu wa Gaboni walikuwa wengi kule. Alikamata maelfu ya nyoka, akawapeleka kwenye bustani za wanyama na kwa wataalamu waliochunguza sumu. Aliumwa mara nyingi, na vidole vyake vilibeba alama za meno hayo. Wataalamu walimheshimu: mwaka 1950 mnyama mmoja wa Liwale, jamii ya mijusi lakini asiye na miguu, akaaye chini ya udongo, alipewa jina la kisayansi la Loveridgea ionidesii. Alikufa mwaka 1968, akazikwa ndani ya Selous.

Sasa mwanafunzi ataniuliza, habari hizi zahusu nini chakula cha nyoka? Zahusu sana. Nyoka aliyekamatwa hana faida kwa mtaalamu wala kwa bustani ya wanyama asipofika mzima, na nyoka wengi waliofungiwa hufa kwa kulishwa vibaya, si kwa njaa. Nyoka mzima aweza kukaa majuma mengi bila kula. Ndiyo maana kabla ya safari nyoka huachwa tumbo tupu, maana akisukwasukwa na chakula tumboni atakitapika.

Kanuni ya kwanza ndiyo hii: windo lisizidi unene wa mwili wa nyoka pale aliponenepa zaidi. Usitazame kichwa chake. Kichwa kitakudanganya, kwa kuwa mifupa ya taya la chini haikuungana mbele kama yetu. Imeshikwa na ukano unaovutika, na kila upande hutembea peke yake, ukivuta windo ndani kidogo kidogo. Hivyo kinywa chaweza kupitisha kitu ambacho tumbo haliwezi kukishughulikia. Windo likizidi kipimo, au nyoka akiwa mahali pa baridi, nyama huoza kabla ya kusagwa. Nyoka huitapika, na akitapika mara kwa mara hudhoofika hata akafa.

Kanuni ya pili, kila nyoka na chakula chake. Kifutu wa Gaboni ni mnene, hukaa kimya akivizia, na meno yake ya sumu huweza kufikia sentimita 5. Huyo humeza hata sungura. Koboko wa kijani ni mwembamba, naye hula ndege, mayai na panya wa kadiri. Kuna nyoka mwingine asiyekula kitu ila mayai. Huvunja yai kwa mifupa iliyochomoza kooni, akameza maji yake na kutema ganda. Ukimwekea huyo panya, hata awe mdogo namna gani, atakufa njaa mbele ya chakula.

Kanuni ya tatu ni ya muda. Mtoto wa nyoka hula kitoto cha panya kisicho na manyoya, kila baada ya juma moja hivi. Mkubwa hutosheka kwa majuma mawili au zaidi. Baada ya kula asishikwe kwa siku mbili. Anapojivua gamba asisumbuliwe kwa chakula. Na panya awe amekwisha kufa, kwa sababu panya hai aliyeachwa ndani ya sanduku humtafuna nyoka asiye na njaa, na jeraha hilo huweza kumwua.

Ninayaandika haya ili tujue, si ili kila mmoja arudi nyumbani na sanduku. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inadai kibali kwa kufuga mnyama wa porini, na nyoka wa sumu hafai kabisa kushikwa na mwanafunzi. Ionides mwenyewe, pamoja na ujuzi wake wote, alilipa kwa vidole. Mtu akiumwa, asichanjwe wala asifungwe kamba. Atulizwe, kiungo kilichoumwa kisitikiswe, apelekwe Hospitali ya Tumbi mara moja.

Lakini kuna faida ambayo kila nyumba yaweza kuipata bila kumgusa nyoka. Anayejua kipimo cha windo lake anajua pia kwa nini nyoka amekuja uani. Hakumfuata mtoto, kwa maana mtoto si kipimo chake. Amewafuata panya waliokaa katika ghala la mahindi, au vifaranga wasiofungiwa, au vyura waliokusanyika penye maji yaliyomwagika. Ghala likizibwa, takataka zikachomwa na nyasi zikafyekwa, atakwenda kutafuta kwingine. Watu wa Liwale na Newala walimwita Bwana Nyoka aje awaondolee. Sisi hatuna Bwana Nyoka hapa Maili Moja, ila mifagio, mafyekeo na akili tunazo.