Stoneham: Mlowezi aliyewarithisha Wakenya Makavazi ya Kitale

MWANAFUNZI kutoka Bungoma anayezuru Makavazi ya Kitale, kando ya barabara ielekeayo Eldoret, hukuta urithi wa aina mbili. Uani zimejengwa nyumba za kiasili za Waluhya, Wanandi na Wasabaot, mfano wa zile walizoishi mababu zake. Ndani ya jengo wamehifadhiwa ndege waliokaushwa na vipepeo waliodungwa pini mmoja mmoja. Urithi huu wa pili ulianzishwa na mtu ambaye jina lake liliwahi kuwa jina la makavazi yenyewe, ingawa leo ni wachache wanaolikumbuka. Mtu huyo ni Luteni Kanali Hugh Stoneham.

Stoneham alikuwa Mwingereza na mwanajeshi. Hakuajiriwa na chuo wala taasisi yoyote ya utafiti ili achunguze viumbe. Aliifanya kazi hiyo kwa mapenzi yake na kwa gharama yake. Alianza kukusanya wadudu mwaka 1894 na akaendelea hadi alipofariki mwaka 1966. Hiyo ni miaka 72, na ni wazi kwamba alianza akiwa mtoto mdogo. Kwa muda huo wote aliongeza wanyama wengine na vitabu juu ya wadudu wake. Katika miaka ya 1920 alichapisha pia maelezo kuhusu ndege aliowakusanya nchini Uganda, kwa hivyo Afrika Mashariki haikuwa ngeni kwake alipozama katika kazi iliyompa sifa huko Kitale.

Mji wa Kitale wenyewe ulikuwa bado mchanga. Ulianzishwa na walowezi mwaka 1908, na baada ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia wanajeshi wengi wa Uingereza walipewa mashamba katika nyanda za juu za Kenya, Trans Nzoia ikiwemo. Mwaka 1926 tawi la reli kutoka Eldoret lilifika Kitale, na mahindi ya walowezi yakapata njia ya kwenda sokoni. Mwaka huo huo Stoneham alianzisha makavazi yake ya kibinafsi, yaliyojulikana kama Makavazi ya Stoneham.

Uzito wa hatua hiyo huonekana tukikumbuka hali ya nchi wakati huo. Jijini Nairobi chama cha wapenzi wa elimu ya viumbe kilikuwa kimeanzisha makavazi madogo mwaka 1910, lakini jengo maarufu la Coryndon, ambalo baadaye lilikuja kuwa makavazi ya taifa, halikufunguliwa hadi mwaka 1930. Mtu mmoja katika mji wa mashambani alikuwa amethubutu kufanya peke yake jambo ambalo koloni nzima ilikuwa bado inalihangaikia.

Stoneham hakuridhika na kujaza makabati. Alichapisha jarida la makavazi yake, na humo akaeleza na kuzipa majina aina za vipepeo alizoamini kuwa hazijawahi kuandikwa na wataalamu. Kwa mtu asiyeijua kazi hii, kipepeo mkavu ni pambo tu. Kwa mtaalamu, kipepeo huyo pamoja na kijikaratasi kinachotaja mahali na siku aliponaswa ni ushahidi. Msitu ukishakatwa na bwawa likishakauka, kijikaratasi hicho ndicho kitakachothibitisha kwamba pale paliwahi kuishi kiumbe fulani. Katika eneo ambalo sehemu kubwa ya misitu na nyasi imegeuzwa kuwa mashamba ya mahindi, ushahidi wa namna hiyo hauna bei.

Hata hivyo, maisha ya Stoneham hayawezi kusimuliwa kwa haki bila kuitaja ardhi aliyokanyaga. Wazee wa Bungoma hawajasahau mwaka 1895, ambapo Wabukusu walishindwa na majeshi ya Mwingereza katika ngome za Lumboka na Chetambe. Ushindi huo ulikuwa sehemu ya mfululizo wa mambo yaliyowafungulia walowezi milango ya Trans Nzoia. Wenyeji waliokuwa wakilisha mifugo yao huko walirudi baadaye kama vibarua na maskwota. Wahenga walinena kwamba mgeni aje mwenyeji apone. Katika nyanda hizi mgeni alikuja na mwenyeji akapoteza malisho.

Uchungu huo ndio uliompa nguvu Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa, aliyetaka wazungu warudi kwao. Mwaka 1947 aliwakusanya wafuasi wake Chetambe kuwakumbuka waliouawa pale. Februari 1948 polisi waliwafyatulia risasi waumini wa dini hiyo huko Malakisi na kuwaua watu 11. Imani hiyo ilikuwa imepenya pia miongoni mwa wafanyakazi wa mashamba ya Trans Nzoia. Huku Stoneham akipanga vipepeo wake kwa utulivu, upande wa pili wa mto Nzoia kulikuwa na watu waliohesabu kila mzungu kuwa mkaazi asiye na kibali cha mwenye nyumba. Hoja yao ilikuwa na msingi.

Kenya ilipojitawala mwaka 1963, walowezi wengi waliuza mashamba na kufunga virago. Mwenye mali kama ya Stoneham angeweza kuisafirisha Uingereza, ambako wanunuzi na makavazi makubwa hawakukosekana. Yeye aliamua vingine. Katika wasia wake aliiachia Serikali ya Kenya mkusanyiko wake wote, pamoja na fedha za kusaidia ujenzi wa makavazi mapya. Aliyemwachia mali hiyo hakuwa tena Gavana wa Malkia. Ilikuwa serikali ya Waafrika, iliyokuwa na miaka mitatu tu tangu uhuru.

Makavazi hayo mapya yalifunguliwa Desemba 1974, miaka minane baada ya kifo chake. Yalikuwa ya kwanza kati ya makavazi ya taifa yaliyojengwa bara, nje ya Nairobi. Kisumu ilifuata mwaka 1980 na Kapenguria mwaka 1993. Kwa mtoto wa Bungoma au Pokot, makavazi hayakuwa tena jambo la kusikia tu kutoka kwa waliofika Nairobi.

Jambo la kutiliwa maanani zaidi ni kile ambacho Wakenya walikifanya kwa zawadi hiyo. Makabati ya mzungu mmoja mpenda wadudu yaliongezewa vyombo, mavazi na silaha za jamii za magharibi na kaskazini mwa Bonde la Ufa. Nyumba za kiasili zikainuliwa, na msitu mdogo wa kando ya kijito ukahifadhiwa ili wageni wapite humo. Hivyo zawadi ilikamilishwa na wale walioipokea.

Wahamiaji walioijenga Kenya ni wengi: Wahindi waliofungua maduka katika miji midogo ya magharibi, wamishonari waliojenga shule na hospitali, na Wanubi waliokuja wakiwa askari wakabaki kuwa raia. Wapo waliochukua kuliko walivyotoa, na wapo waliotoa bila kusifiwa. Kuwapima kwa rangi au kwa asili yao ni kuikimbia kazi ngumu ya kuangalia alichokiacha kila mmoja. Kumshukuru Stoneham hakumfuti Masinde, wala kumuenzi Masinde hakutulazimishi kuvitupa vipepeo vya Stoneham. Taifa lililokomaa lina nafasi ya kuwakumbuka wote wawili.

Deni lililobaki ni letu. Mdudu mkavu huliwa na wadudu hai iwapo hatatunzwa, na kijikaratasi hufifia. Mtu aliyetumia miaka 72 kukusanya ushahidi wa viumbe wa nchi hii alikwisha kutimiza sehemu yake. Heshima ya kweli kwake ni kuhakikisha kwamba mwanafunzi wa Bungoma atakayefika Kitale miaka mingine 72 ijayo atavikuta vipepeo hivyo vikiwa vizima, na jina la aliyevikusanya likisomeka.