Dakta Krapf na Herufi Zetu

Wanachama wenzangu, bila shaka mmewahi kuona cheti ambacho maneno yake ya juu yameandikwa kwa herufi nene, nyeusi, zenye kona na mikia. Sisi huona ni urembo tu. Lakini kwa Wajerumani wa zamani, aina mojawapo ya herufi hizo, iitwayo Fraktur, ndiyo iliyokuwa ya kusomea kila siku. Leo nawasimulia habari za mmoja wao, aliyekua akisoma Fraktur lakini akatuandikia Kiswahili kwa herufi nyingine.

Johann Ludwig Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, kusini mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Alipokuwa mtu mzima akawa mmisionari, akafanya kazi Uhabeshi, kisha akafika Mombasa mwaka wa 1844. Taabu haikukawia. Mwezi wa Julai mwaka uo huo alifiwa na mkewe, Rosina, na siku chache baadaye mtoto wao mchanga. Mwingine angefunga virago mara moja! Yeye alibaki.

Alijifunza Kiswahili kwa wenyeji, kadhi wa Mombasa akiwa mmoja wa waliomsaidia, akaanza kutafsiri Biblia na kukusanya maneno. Hapo ndipo lilipozuka swali: aandike kwa herufi gani? Waswahili walikuwa wakitumia herufi za Kiarabu kwa zaidi ya miaka mia moja. Krapf aliona kwamba hazionyeshi vokali zetu barabara. Tena, akiwa mmisionari, hakutaka kuupa Uislamu nguvu. Fraktur nayo ingetusumbua. S yake ya mwanzo wa neno inafanana mno na f, hata saa ungeisoma faa! Wajerumani wenyewe walizoea kuchapa maneno ya kigeni kwa herufi za Kirumi. Basi akachagua hizo. Sarufi yake ya Kiswahili ilichapwa Tübingen mwaka wa 1850 kwa herufi za Kirumi. Lakini alipowaandikia Wajerumani wenzake kitabu cha safari zake, mwaka wa 1858, kilichapwa kwa Fraktur.

Afya ilipomwishia alirudi kwao, akafariki Korntal tarehe 26 Novemba 1881. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitoka London mwaka uliofuata. Mwenyewe hakuiona.

Fraktur nayo ilipigwa marufuku na serikali ya Ujerumani mwaka wa 1941. Siku hizi utaikuta zaidi kwenye mapambo. Lakini tusiicheke, kwani hata kwetu kuna maandishi yaliyosahauliwa. Tenzi za kale ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na wengi wetu hapa Kedowa hatuwezi kuzisoma zilivyoandikwa. Tumshukuru Dakta Krapf kwa njia aliyotufungulia, lakini tujiulize pia ni nani atakayetufundisha kuisoma ile ya zamani.