Sheikh Al-Amin Mazrui: kadhi aliyetaka dini na elimu ya kisasa viende pamoja

Mama au mlezi, huenda yamekukuta. Mtoto anachemka usiku, bibi yake anasema akasomewe kwanza, wewe unataka zahanati. Hapa Marambo nakutana na hali hii mara nyingi, hasa mvua zinapoanza na malaria kuongezeka. Nataka nikusimulie maisha ya sheikh mmoja, maana wengi wananiambia kwamba hospitali ni mambo ya Wazungu.

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alizaliwa Mombasa mwaka 1891. Baba yake, naye mwanachuoni, alifariki Al-Amin akiwa bado mdogo. Alilelewa na kusomeshwa na ndugu wa ukoo, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui (wewe unayelea mtoto wa ndugu yako, usijione unafanya kazi ndogo). Alisoma pia kwa masheikh wakubwa wa Unguja, akiwemo Sayyid Ahmad bin Sumeit.

Alipokuwa mtu mzima alisoma sana maandishi yaliyotoka Misri, ya Muhammad Abduh na Rashid Rida. Hao walifundisha kwamba akili na sayansi si maadui wa Uislamu. Lakini wangapi pwani yetu wangeweza kusoma Kiarabu? Mwaka 1930 akaanzisha gazeti dogo, Sahifa, na mwaka 1932 jingine, Al-Islah. Aliandika kwa Kiswahili ili hata asiye msomi aelewe. Baadhi ya makala hizo zilikusanywa katika kitabu, Uwongozi, mwaka 1944.

Humo aliwasema Waislamu wenzake bila kuwaonea haya: wameachwa nyuma kielimu, wanamaliza mali kwenye sherehe, wanachanganya dini na ushirikina. Alitaka wasichana nao wasome. Hakusema tuige kila kitu cha Ulaya. Kwa mavazi na tabia alikuwa mkali, na mengine mimi nisingekubaliana naye. Elimu yenye manufaa, ndiyo aliitaka. Si kila mtu alimpenda kwa hayo, ila mwaka 1937 alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Alifariki mwaka 1947. Mwanafunzi wake, Sheikh Abdullah Saleh Farsy, aliitafsiri Kurani kwa Kiswahili.

Sasa turudi nyumbani kwako. Mtume alifundisha watu watafute tiba, kwa hiyo dua na dawa havigombani. Kinachoua ni kuchelewa. Mama mmoja alinifikia na mtoto aliyefukizwa moshi tangu alfajiri kwa sababu ya degedege. Kipimo kilionyesha malaria, na tulilazimika kumkimbizia hospitali. Alipona, lakini nilimwona mama yule akitetemeka hata baada ya mtoto kufungua macho.

Mtoto akipata degedege, mlaze kwa ubavu mahali salama. Usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, usimnyweshe dawa akiwa hajitambui, usimfukize. Mpeleke kituo cha afya mara moja, hata kama degedege imekoma. Chukua na kadi yake ya kliniki. Kama bibi anataka kumsomea, mwombe mpande wote bodaboda, amsomee njiani.